Siku Mama Alipoitunza Sinema

Mimi ndiye niliyewaambia kuwa ni taarabu, na mpaka leo sioni nilichokosea. Filamu yenyewe ilikuwa ya Kimarekani, ya nyakati zile za jazi, wanawake wamekata nywele fupi na kuvaa magauni ya shanga yanayotikisika kabla wao wenyewe hawajatikisika. Mcheza shoo mmoja anampiga risasi hawara wake, anatiwa ndani, na badala ya kuona haya anakuwa maarufu. Magazeti yanamgombania. Huko jela anamkuta mwenzake, naye muuaji, naye maarufu, na ugomvi wao ni mmoja tu: nani ataandikwa zaidi. Wanajipamba, wanatupiana maneno kwa nyimbo, wanapandishana na kushushana kwa macho. Mtu uliyekulia Unguja ukiyaona hayo utayaita nini?

Niliiona mara ya kwanza pamoja na wasichana wenzangu wa kazini. Wakati ule nilikuwa nauza vitambaa katika duka moja la Stratford Road, kule Sparkhill, na siku hiyo nilirudi nyumbani sijijui sijitambui kwa raha. Nilimwigizia mama filamu nzima jikoni. Mwiko ulikuwa bastola, kitambaa cha meza kikawa gauni la shanga, na mdogo wangu, ambaye kazaliwa Birmingham na anajibu Kiswahili karibu chote kwa Kiingereza, alilazimishwa kuwa hakimu.

Mama alikuwa na kiu ya siku nyingi. Tangu aje Uingereza alikuwa akilalamika kuwa taarabu ya kwenye kanda si taarabu. Huna pa kuvaa dhahabu yako, huna wa kumringia, na zaidi ya yote huna wa kumtunza. Kwetu wimbo ukikugusa huketi. Unanyanyuka noti mkononi, unakwenda ukicheza polepole mpaka kwa mwimbaji, na kila aliyemo ukumbini anajua kuwa maneno yale umeyafanya yako na kuna mtu unampelekea. Walio upande wako wananyanyuka nyuma yako. Waliobaki wanageuza shingo kutafuta ni nani anayepelekewa. Haya yote utayafanyia wapi Sparkhill, mbele ya redio?

Sasa, wakati huo nilikuwa nimeposwa. Mchumba wangu alifanya kazi kwenye kiwanda cha magari Longbridge, mtu mpole, mwenye maneno machache kiasi kwamba mdogo wangu aliwahi kuniuliza kama anajua kuwa tumechumbiana. Harusi ilikuwa mwezi unaofuata. Mama yake, mzaliwa wa Mombasa, alikuwa mwanamke wa heshima zake, mrefu, msafi wa kupindukia, asiyenyanyua sauti hata anapomfokea mtu. Alikuwa amewazika waume wawili, wa kwanza Mombasa na wa pili, baba yake mchumba wangu, hapa hapa Birmingham. Wote wawili walikufa kwa maradhi na kwa kudra ya Mungu. Lakini midomo ya watu haina kazi. Walisema ana nuksi, kwamba waume hawamdumu. Na nitasema kweli, maneno hayo yalipata kusemwa nyumbani kwetu pia, na shangazi yangu wa London, mbele ya sahani ya visheti. Yakamfikia mwenyewe kabla visheti havijaisha. Aliyameza, akaja kuniposa hivyo hivyo.

Kwa hiyo nilipomwalika yeye na mama waende pamoja kuiona ile filamu, nilijiona mjanja kweli. Wakwe wawili, kiti kwa kiti, taarabu mbele yao. Nani angenuna?

Walijipamba kama wanakwenda kwenye taarabu ya Iddi. Mama alizifukiza nguo zake udi tangu asubuhi, mpaka king'ora cha moshi kikalia mara mbili na jirani akagonga ukuta. Mama mkwe alikuja na bangili mpaka kwenye kiwiko na kopo la kachori. Mdogo wangu alifuata kwa kulazimishwa, na ndani ya basi la kwenda mjini watu walitupisha njia, sijui kwa heshima au kwa harufu. Kwenye sinema mama mmoja wa makamo wa Kiingereza, mkata tiketi mwenye tochi, alituonesha viti vyetu akituita "bab", yaani mpenzi, mmoja mmoja, kama wafanyavyo watu wa Birmingham, na mama akaniambia kuwa huyu ana adabu.

Mwanzo ulikwenda vizuri mno. Mama mkwe alicheka kwa pua. Mama alimgonga begani kila lilipotoka gauni jipya. Walikuwa wakila kachori kutoka kopo moja, na mimi nilikuwa nimekaa baina ya ndoa yangu na furaha yangu, sijui nishike ipi.

Ukafika wimbo wa dobi. Wafungwa wanawake wako katika chumba cha kufulia, wanakung'uta mashuka meupe, na kila mmoja anaimba jinsi mumewe alivyokufa na kwa nini yeye hajutii. Ngoma yake ni nzito, ya kukanyagia. Niliona bega la mama linaanza. Halafu shingo. Halafu mkono ukaingia kifuani na kutoka na noti ya pauni kumi, na kabla sijajua la kufanya mama yangu alikuwa amesimama.

"Mum, sit down," mdogo wangu alimnong'oneza. "Please. Watu wanatuangalia."

Mama hakuwa na habari naye. Aliteremka ile njia ya katikati noti iko juu ya kichwa, kiuno chini ya buibui kinafanya mambo ambayo sikujua bado kinayaweza, hatua mbili mbele, moja nyuma, mpaka chini ya pazia la sinema. Wanawake fulani wa Kiingereza wakapiga makofi, nadhani walidhani ni sehemu ya tiketi. Alipofika hakukuta mkono wa kupokea, akaiweka noti chini, taratibu, kwenye miguu ya wale wauaji. Mimi nilikuwa nimeshikilia mbavu. Nilicheka mpaka machozi, kisha nikageuka ili tucheke pamoja na mama mkwe.

Hakuwa anacheka. Ndipo nilipouona wimbo kama alivyouona yeye. Wanawake waliowaua waume zao wanaimba kwamba hawajuti, na mama yangu kasimama hadharani kuutunza, na aliyekaa kiti cha pili ni mwanamke aliyezika waume wawili na anayejua kuwa nyumbani kwetu aliitwa nuksi. Mtu wa taarabu hahitaji kuelezwa zaidi ya hapo. Alilifunika kopo la kachori vizuri, mfuniko ukalia, akachukua mkoba wake akatoka.

Mama alirudi anahema kwa raha, nyuma yake yule mkata tiketi kamfuatia na noti yake, akimwambia huenda ataihitaji kwa nauli ya basi.

"Mkwe kaenda wapi?" mama akauliza.

Alipoelewa, alijibwaga kitini. Aliapa kwa kila kitu kinachoapiwa kwamba ngoma ilimpanda tu, kwamba alisahau yuko wapi na kakaa na nani, kwamba angeutunza hata wimbo wa kuuza sabuni kwa mdundo ule. Mimi namwamini. Yaani, karibu yote namwamini. Lakini kutunza si jambo unaloweza kulirudisha kinywani. Watu wamekuona.

Kesho yake mama alipika sinia la kuomba radhi. Biriani, maandazi ya iliki, halua iliyosafiri kutoka Zanzibar na kufichwa kwa ajili ya harusi. Sinia lilirudi jioni, limefunikwa vile vile, hata pini ya kitambaa haijaguswa. Aliyelirudisha alikuwa jirani wa mama mkwe, mama wa Kikongo kutoka Bukavu, mtu wa kanisani, ambaye ugomvi huu ulimpita juu ya kichwa.

"Pardon, mama, miye balinituma tu," alisema, akashusha pumzi ili asikosee maneno aliyobebeshwa. Ujumbe ulikuwa kwamba mkwe ametunziwa mbele za watu, basi hajibu kwa sinia. Watarudi palepale, filamu ile ile, naye atajibu. Mambo ya harusi yangoje mpaka hapo. Kisha yule mama wa Kikongo akaongeza la kwake, kwamba kwao mtu akitukanwa anajibu siku hiyo hiyo na kwenda kulala, na akauliza kama hilo biriani kuna mtu atalila. Tulimfungia nusu.

Nilimpigia simu mchumba wangu nikiwa na hasira za kutosha watu wawili, na ilibidi, maana yeye hakuwa nazo. Nilimwambia azungumze na mama yake. Akasema ameshazungumza naye. Nikamuuliza kamwambia nini. Akasema kamwambia kwamba ananioa mimi. Na yeye akasemaje? Hakusema kitu. Na wewe ukafanyaje? Nikakaa naye, akasema. Nilikata simu. Niliona nimeposwa na kabati. Mwanamume gani mama yake anataka kuvunja harusi naye anakaa?

Habari hiyo, bila shaka, ilipanda basi. Kufikia mwisho wa wiki hapakuwa na mwanamke wa pwani kutoka Birmingham mpaka Leicester asiyejua kuwa kuna jibu litatolewa kwenye sinema. Swali lilikuwa moja tu: atanyanyukia wimbo gani? Wasichana walioiona filamu waliulizwa maswali kama mashahidi. Kuna ule ambao wale wauaji wawili wanatoleana ila za uso kwa uso. Wengi walisema ni huo. Kuna ule wa wakili anayejisifu kwa uongo wake, na hapo wangepelekewa kina shangazi. Dukani kwetu wateja walikuwa wakipima kitambaa kwa mkono mmoja na kutoa hoja kwa mkono wa pili. Mimi nilikuwa nacheka mchana na kulia jikoni, maana vazi langu la harusi lilikuwa linaning'inia nyuma ya mlango na sikujua kama nitalivaa.

Siku ilipofika filamu ilikuwa karibu kuondolewa, wameitupa kwenye ukumbi mdogo, saa za mchana wakati watu wenye akili wako kazini. Shangazi wa London, yule yule wa visheti, aliteremka basi Digbeth na wenzake watatu, wote wamevaa kijani, sare ya kumuunga mkono mama. Nilimwambia vita vyote hivi vimeanzia mdomoni mwake. Akanijibu kuwa ndiyo maana amekuja. Ukumbi ukajaa udi, bangili na karanga. Yule mkata tiketi wa kila siku alitutazama tukiingia, akaenda kumwita mwenzake aje kuona.

Mama mkwe aliingia wa mwisho. Alivaa zambarau, hereni za mama yake, na uso uliofungwa. Alikaa kiti cha pembeni kwenye njia, na mkono wake wa kulia ukiwa juu ya paja, ndani yake noti imekunjwa kwa urefu, wazi, kila mtu aione. Mama alikaa safu ya nyuma yake. Hakuwa amevaa hata pete.

Sijapata kuona watu wakiitazama sinema kwa namna ile, maana hakuna aliyeitazama. Sote tulikuwa tunatazama kisogo kimoja. Ulipoanza wimbo wa kwanza ukumbi mzima ulijiweka sawa, ukaisha, tukapumua. Ukaja wa dobi, wenyewe ule. Mama alikuwa ameushika mkono wa kiti kwa mikono yote miwili, na shangazi alimshika mama, kwa usalama zaidi. Mama mkwe hakutikisika. Ukaja wa wakili, tukamtazama shangazi. Ukaja ule wa kutoleana ila, na hapo nilifumba macho kabisa. Niliposikia mdogo wangu ananong'ona "she's still sitting", nikafumbua. Kuna mtu nyuma yetu aliyesema kwa kukata tamaa kwamba amekuja bure kutoka Leicester.

Kisha wakaja waandishi wa habari nyumbani kwa yule muuaji wa kwanza, keshaachiwa. Katika filamu ana mume, nilikuwa nimesahau kukwambia, na hivyo ndivyo mume mwenyewe alivyo, mtu anasahau kumtaja. Wanataka kupiga picha ya mke, wanamwambia mume asogee kidogo, asogee tena, mpaka anatoka kwenye picha. Halafu wanamrundikia makoti na kofia zao ashike. Anabaki ukumbini kwake, uso hauonekani kwa kofia, anaimba kawimbo kadogo kasicho na mbwembwe, kwamba yeye ndiye anayelipa kodi ya nyumba hii, na chai mnayokunywa kaipika yeye. Mara ya kwanza wimbo huo niliutumia kwenda chooni.

Mama mkwe akasimama.

Hakuna aliyekuwa tayari. Hata yeye, nadhani. Aliiinua noti mpaka usawa wa uso, akaanza kuteremka, polepole, bila kucheza kiuno, hatua kwa hatua kama mtu anayepeleka kitu kisichotakiwa kumwagika. Tukaanza kuulizana kwa macho. Anapelekewa nani? Wimbo huu hauna tusi. Hauna adui. Alifika chini ya pazia, akainua mkono kuelekea kwa yule mtu mwenye kofia, na mabega yake yakaanza kutetemeka. Alikuwa analia. Alikuwa peke yake pale chini, mwanga wa sinema umemwangukia, na nyuma yake hakuna hata mtu mmoja, maana hakuja na watu wa upande wake. Watu wote tulikuwa wa upande wetu.

Nikasikia kiti kinagonga. Mama yangu alikuwa amesimama. Aliteremka mikono mitupu, akaenda akasimama nyuma ya mkwe wake, mahali anaposimama mtu anayekuunga mkono. Akafuata shangazi wa London na sare yake ya kijani. Kisha tukaenda sote, ukumbi mzima, kina Leicester na wengine, tukajipanga nyuma ya mwanamke mmoja kumtunza mume asiyeonekana, mpaka kawimbo kakaisha na mkata tiketi akatuomba kwa upole turudi kwenye viti kwa sababu ya sheria za moto.

Hatukurudi. Tulitoka naye nje, kwenye ukumbi wa kuuzia bisi, na hapo mama akataka kumpigia magoti, mkwe akamzuia kwa kiwiko.

"Babake mchumba wako alikuwa akinimenyea chungwa kila jioni," aliniambia mimi, si mama. "Alikuwa akitoa hata zile nyuzi nyeupe. Mimi nala, natazama TV. Wallahi sikumwambia hata siku moja kwamba naona. Watu wakisema nimewaua waume nakasirika, kumbe yule nilimzika zamani, hajafa bado, yuko papo hapo kitini." Alijifuta uso kwa ukaya wake wa kichwani. "Na juzi nimefura kwa ajili ya mamako, huyu mwanangu hakunigombeza. Alikuja akakaa nami, akanimenyea chungwa."

Nilikumbuka ile simu niliyoikata. Nikakaa naye, alisema. Uso wangu uliwaka moto, na nilitamani aje wakati ule ule nimwombe radhi.

Alikuwepo. Alikuwa nje ya mlango wa kioo, katika nguo za kazi za Longbridge, amekuja moja kwa moja kumchukua mama yake, mvua inamnyeshea kwa sababu watu wengine walikuwa wamejaza kibaraza. Kina shangazi walikuwa wakipitapita mbele ya kioo na hakuna aliyemwona. Mama mkwe alimtazama, kisha akanibana noti mkononi, ile ile aliyoshuka nayo.

"Shika," alisema. "Nenda kamtunze mumeo angali hai."

Sote tulilisikia hilo neno mumeo. Mama alilisikia akaanza kulia, shangazi alilisikia akapiga kigelegele kilichomfanya mkata tiketi aweke tochi chini. Mimi sikungoja. Nilitoka mlangoni noti iko juu ya kichwa, hatua mbili mbele, moja nyuma, barabarani, mchana kweupe, na wanawake wote wa pwani wa Uingereza nyuma yangu wanaitikia. Watu waliokuwa kwenye kituo cha basi waligeuka. Nilimfikia, nikambandika noti kwenye paji la uso, na kwa vile alikuwa amelowa ikanata.

"Watu wote wananiangalia," alisema kwa sauti ya chini.

"Waache wakuangalie," nilimwambia. "Na mimi nakuangalia."

Hakuibandua. Aliwafungulia mama zetu mlango wa gari, mmoja baada ya mwingine, akawangojea wakusanye mabuibui yao, noti ingali usoni.